Viazi Kwenye Sanduku la Samaki

Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajatoka kwenye kipindi cha kwanza, Luciana alikuwa amekwisha kumenya ndoo ya viazi. Banda lake lilikuwa pembeni ya bwalo la chuo kimoja cha ufundi, upande wa Lumemo, mjini Ifakara. Lilikuwa na jiko la mkaa, karai moja, kabati la kioo la kuwekea chipsi, na benchi lenye miguu mitatu. Pale ulipopaswa kuwa mguu wa nne palikuwa na tofali. Anselim, mume wa Luciana, alikuwa fundi wa matrekta madogo ya kulimia mpunga. Alikuwa ameahidi kuutengeneza mguu huo. Ahadi hiyo ilikuwa imeingia mwaka wa pili.

Ifakara ni mji wa wali. Lakini mwanafunzi mwenye njaa ya saa nne hataki kungoja wali uive. Anataka chipsi. Kwa hiyo Luciana alikaanga, akauza, na maisha ya nyumba yake yakaenda.

Kisha chipsi zikaanza kuwa nyeusi.

Hazikuwa nyeusi kwa sababu ya uzembe. Luciana alisimama karibu na karai, jasho likimtoka, macho kwenye mafuta. Alitia vipande vyeupe. Kabla havijaiva ndani, nje vilikwisha kuwa rangi ya kahawa. Akivitoa mapema, ndani vilikuwa vibichi. Akiviacha, viliungua na kuwa vichungu. Alibadili mafuta. Alibadili mkaa. Alisugua karai kwa mchanga mpaka likang'aa. Chipsi zikabaki nyeusi.

Wanafunzi hawakuchelewa kutoa maelezo yao.

"Mama, nipe transfoma moja, na kachumbari!" alisema mmoja.

"Mimi transfoma mayai!" alisema mwenzake. "Nikila hii, usiku nasoma bila taa."

Wote wakacheka. Luciana alijua walichomaanisha. Mitaani husemwa kwamba wapo wakaanga chipsi wanaotumia mafuta yaliyoibwa kwenye transfoma za umeme, kwa sababu hayaishi upesi. Luciana hakuwahi hata kuyaona mafuta hayo. Alinunua mafuta ya alizeti dukani, mbele ya watu. Lakini uvumi haukuwa na haja ya kwenda dukani kuuliza.

Siku moja akaja mzee Hilari, msimamizi wa bwalo. Alikuwa mtu wa suruali iliyonyooshwa na maneno yaliyonyooshwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Luciana. Mimi sikutuhumu. Nakueleza tu kwamba ulimi wangu haudanganyiki. Mafuta ya transfoma nayajua kwa ladha."

"Uliwahi kuyaonja wapi, mzee?"

Hilari aliangalia pembeni kidogo. "Hilo silo tunalozungumza. Mahafali ni mwezi ujao. Wazazi watakuja, na wageni wa wilaya. Chipsi zikiwa kama hizi, banda nitampa mtu mwingine. Nimekupa muda. Usiseme sikukuambia."

Akaondoka. Luciana alibaki ameshika kijiko cha matundu. Banda hilo ndilo lililokuwa linawasomesha watoto wake. Tena, mwanamke aliyefukuzwa kwa kosa la kuwalisha watu sumu hapati banda lingine mjini hapo. Tangu siku ile aliacha kuonja chipsi zake mwenyewe. Aliogopa kukuta kwamba watu wanasema kweli.

* * *

Ili kuelewa kosa la Luciana, ni lazima kujua alikolelewa. Baba yake alikuwa muuza samaki. Alinunua perege na kitoga kwa wavuvi wa Mto Kilombero na kuwauza mjini. Katika nyumba ile mtoto alifundishwa jambo moja kabla ya kusoma na kuandika: joto linaozesha, baridi inatunza. Kwa samaki, jambo hilo ni kweli kabisa.

Viazi vya Luciana vilitoka nyanda za juu, huko Njombe, kwa lori. Vilifika Ifakara vimechoka. Joto la bondeni liliviotesha na kuviozesha. Wakati wa masika alipoteza karibu gunia zima. Hapo ndipo alipomwendea jirani yake, Mwanasha, muuza samaki.

Mwanasha alikuwa na sanduku kubwa la mbao. Kuta zake zilikuwa mbili mbili, na katikati zilijazwa pumba za mpunga ili barafu isiyeyuke haraka. Chini aliweka mabonge ya barafu. Juu ya barafu aliweka samaki. Juu kabisa palikuwa na nafasi.

"Weka hapo, mdogo wangu," alisema Mwanasha. "Funga kwenye nailoni, visinuke kambale."

Viazi vilikaa humo wiki mbili, hata tatu. Havikuoza. Havikuota. Luciana alijiona ameshinda. Ni kweli kwamba chipsi zilianza kuwa nyeusi baada ya hapo, lakini hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Kiazi kilitoka kwenye sanduku kigumu, kisafi na kizuri. Nani angekishuku?

* * *

Wiki hiyohiyo alikuja bandani mwanamke mwenye viatu vya vumbi. Nyuma yake bodaboda ilishusha mifuko minne ya viazi.

"Hujambo, dada. Naitwa Fausta. Natafuta wakaanga chipsi."

Luciana alitazama mifuko, akatazama viatu. Akaona amekwisha kuelewa. Hilari ametuma mkaguzi.

"Mafuta haya nimeyafungua leo," alisema haraka. "Dumu lile pale. Nusa."

"Sijauliza mafuta."

"Watu wote wanauliza mafuta."

"Mimi nauliza viazi," alisema Fausta. "Nafanya kazi kwenye utafiti wa viazi huko nyanda za juu. Tuna aina mpya nne. Zinalimwa kwenye baridi, lakini walaji wengi wako kwenye joto, kama hapa. Tunataka kujua zikipanda lori na kukaa Ifakara zinakuwaje. Tunataka kujua pia zikiingia kwenye karai la mtu halisi. Si karai la ofisini."

Akamwaga viazi vichache mezani. Vya kwanza vilikuwa vyeupe, laini, vikubwa kama ngumi. Vya pili vilikuwa vyekundu. Vya tatu vilikuwa vya njano. Vya nne vilikuwa virefu, na ganda lake lilikuwa la kahawia, limekwaruzika kama gome la mti.

"Hivi vina ugonjwa?" aliuliza Luciana.

"Hapana. Ndivyo ganda lake lilivyo."

"Sokoni hakuna atakayevigusa."

"Huenda. Hilo nalo tunataka kulijua."

Mteja mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi, upande usio na tofali. Alikuwa mzee Masalu, mfugaji Msukuma kutoka kijiji cha Mbingu. Kila alipoleta maziwa mjini alipita kula chipsi, nyeusi au nyeupe.

"Mwangaluka!" alisalimu kwa Kisukuma. "Hicho cha nne ni kiazi au ni mguu wa mamba?"

"Ni kiazi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mnavitengenezaje, hizo aina mpya?"

"Mzee unafuga. Ukitaka ng'ombe mwenye maziwa mengi na mwili mkubwa, unafanyaje?"

"Nachagua jike la maziwa. Natafuta dume lenye mwili."

"Sisi tunafanya vivyo hivyo kwa maua. Tunachukua chavua ya kiazi kimoja, tunaipaka kwenye ua la kingine. Linatoka tunda dogo la kijani lenye mbegu. Kila mbegu ni mtoto tofauti."

"Na watoto wabaya?"

"Tunawatupa. Miche elfu tukiipanda, tunashukuru mmoja ukimfikia mkulima. Inachukua miaka. Mmoja anaugua, mwingine anazaa kidogo, mwingine chipsi zake hazifai."

Masalu alitikisa kichwa. "Elfu kwa mmoja! Kwa ng'ombe ningekuwa ombaomba."

"Lakini tukimpata huyo mmoja, tunapanda kiazi chenyewe, si mbegu ya ua. Kinachoota kinafanana naye kabisa. Ng'ombe wako hawezi hivyo."

"Hapo mmenishinda," alisema Masalu, akarudia chipsi zake.

Fausta aliitazama sahani ya mzee. Akaokota chipsi moja, akaivunja. Nje ilikuwa nyeusi, ndani mbichi. Akaonja, akamgeukia mkaanga.

"Dada Luciana, viazi vyako vinalala wapi?"

"Vinalala pazuri. Kwenye barafu ya dada Mwanasha, pamoja na samaki."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na chipsi zimekuwa nyeusi tangu lini?"

Luciana alihesabu miezi kwa vidole. Akaishia kwenye masika.

"Kiazi ni kitu hai," alisema Fausta. "Samaki wako amekufa, kwa hiyo baridi inamtunza. Kiazi kimelala tu, na bado kinapumua. Ndani yake kuna wanga. Kikikaa kwenye baridi kali, kinageuza sehemu ya wanga kuwa sukari. Umewahi kuunguza sukari?"

"Nikipika kashata."

"Inakuwaje?"

"Nyeusi," alisema Luciana polepole. "Na chungu."

"Basi. Hiyo ndiyo iliyo kwenye karai lako. Sukari inaungua kabla kiazi hakijaiva. Mafuta hayana kosa."

Luciana alitamani kuamini. Kwa sababu hiyohiyo hakuamini. Alikuwa ameambiwa mambo mengi mwezi ule. Mmoja alisema mafuta. Mwingine alisema kijicho cha majirani. Wa tatu alimshauri afukize banda.

"Hayo ni maneno," alisema. "Nionyeshe."

Fausta hakuchukia. Alionekana kama mtu aliyesubiri aambiwe hivyo. "Vizuri. Tutagawa viazi vyangu mafungu mawili. Nusu vilale kwa samaki. Nusu vilale nyumbani kwako, gizani, penye hewa, bila nailoni. Nitarudi baada ya wiki mbili. Utakaanga vyote siku moja, karai moja, mafuta yaleyale. Kisha macho yako yatakuambia."

* * *

Wiki mbili hizo Luciana alinunua viazi vichache vichache kutoka kwa wauzaji wa sokoni, wala hakuvipeleka kwenye barafu. Chipsi zikaanza kupata nafuu, lakini hakuthubutu kuamini kabla ya jaribio. Nyumbani, Anselim alitengeneza kichanja cha mianzi chini ya ukuta wa kivuli. Alikifanya kwa siku moja. Luciana aliuona mguu wa benchi akilini. Walitandika gunia juu ya viazi ili mwanga usivifikie.

"Kwa nini visipate mwanga?" aliuliza Anselim.

"Dada Fausta anasema vikipigwa na mwanga vinageuka kijani, na kijani hicho ni sumu. Vya hivyo ni kutupa."

"Na hivi viwili vilivyochubuka?"

"Vitoe. Tutavipika leo. Vikianza kuoza vitaoza na wenzao."

Fausta alirudi siku aliyosema. Walikata viazi. Walivisuuza kwenye maji mpaka maji yakawa meupe, wakavikausha kwa kitambaa. Kila aina ilipata sahani mbili: moja ya viazi vilivyolala kwa samaki, moja ya viazi vya kichanjani. Chini ya kila sahani Fausta alificha kitambaa cha rangi tofauti, ili mlaji asijue anakula nini.

"Kwa nini ufiche?" aliuliza Mwanasha, aliyekuja kuona sanduku lake linasingiziwa nini.

"Kwa sababu mtu akijua, anaonja kwa macho na kwa masikio. Nataka aonje kwa mdomo."

Sahani nne za sanduku zilitoka nyeusi. Zote. Hata ya kile kiazi cha mguu wa mamba. Sahani nne za kichanjani zilitoka njano. Luciana alisimama kati ya sahani hizo, kijiko kikidondosha mafuta. Akaketi juu ya ndoo.

Saa hiyo ndipo alipotokea mzee Hilari.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunaonja, mzee," alisema Fausta. "Karibu utusaidie. Tunaambiwa una ulimi mzuri."

Hilari hakukataa. Akaonja chipsi nyeusi. Akakunja uso.

"Hii ndiyo niliyosema. Transfoma tupu."

Akaonja ya njano kutoka sahani ya pili. Akatafuna. Akachukua nyingine.

"Haya sasa ni mafuta safi. Alizeti. Unaona, Luciana? Ukitaka unaweza. Ungeanza na mafuta haya tangu mwanzo, tusingefika hapa."

Masalu, aliyekuwa miongoni mwa walaji, aliutazama mkia wa moshi ukitoka jikoni, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mbali.

"Mzee," alisema Luciana. Sauti yake ilikuwa ya heshima sana. "Karai ni hili moja. Mafuta ni haya. Zimekaangwa leo, zikafuatana."

Hilari alilitazama karai. Akaangalia nyuma ya jiko, kana kwamba karai la pili limejificha huko. Fausta akamweleza habari ya baridi na sukari, kwa ufupi, bila kumwaibisha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si mafuta."

"Si mafuta, mzee."

"Mimi nilisema inafanana na transfoma," alisema Hilari. "Sikusema ni yenyewe."

Akaichukua sahani ya njano akaketi nayo kwenye benchi, upande wa tofali. Tofali likateleza, lakini sahani haikumwagika.

* * *

Walipomaliza kuonja, Fausta alifunua vitambaa. Katika sahani za njano, wengi walipenda chipsi za kile kiazi cha ganda la kahawia. Zilikuwa kavu, nyepesi, na zililia chini ya meno. Kile cheupe, laini, kikubwa, ambacho kila mtu angekichagua sokoni, kilikuwa cha mwisho. Chipsi zake zililegea na kunywa mafuta.

"Basi cha mamba kimeshinda," alisema Masalu.

"Subiri," alisema Mwanasha. Alikuwa amepika mchuzi wa kitoga, akatia kila aina ya kiazi kwenye sufuria yake. Akafunua sufuria ya kiazi cha kahawia. Hakuna kiazi kilichoonekana. Kilikuwa kimepasuka na kugeuka uji. Katika sufuria nyingine, kiazi chekundu kilisimama kizima, kikiwa kimekunywa mchuzi vizuri.

"Hiki chako kimeniharibia samaki, dada Fausta."

"Ndiyo maana hatuulizi tu kiazi gani ni bora," alisema Fausta. "Tunauliza ni bora kwa kazi gani. Chenye wanga mwingi na maji machache kinafaa kukaanga. Chenye maji zaidi kinafaa mchuzi. Mnunuzi wa sokoni anataka kimoja, mkaanga chipsi anataka kingine."

"Hiki cha kahawia nitakipata lini?" aliuliza Luciana. "Mahafali ni wiki ijayo."

"Hutakipata. Bado tunakipima. Kikiugua ukungu wa majani shambani, tutakiacha, hata kama nyote mmekipenda. Labda miaka miwili. Labda kamwe."

Luciana alishusha mabega. Fausta akaomba ndoo na chumvi.

"Lakini huna haja ya kunisubiri mimi. Chukua kikombe kimoja cha chumvi na vikombe kumi na kimoja vya maji. Koroga. Tumbukiza kiazi cha sokoni. Kikizama, kina wanga mwingi, kikaange. Kikielea, kina maji mengi, mpe dada Mwanasha kwa mchuzi. Muuzaji akikubali, jaribu viwili vitatu kabla hujanunua gunia."

Wakajaribu palepale. Kiazi cheupe kilielea. Cha kahawia kilizama mpaka chini, kwa kishindo kidogo.

* * *

Sokoni walimshangaa mwanamke aliyekuja na ndoo ya maji ya chumvi. Muuzaji mmoja alimwuliza kama anatafuta viazi au anatafuta mashetani. Luciana alitumbukiza, akatazama, akahamia kwa muuzaji mwingine. Kwa muuzaji wa tatu viazi vilizama. Vilikuwa vidogo na havikuwa vizuri kwa sura. Akavinunua. Vikalala kichanjani, si kwenye barafu.

Siku ya mahafali watu walijaa chuoni. Luciana alikata, akasuuza, akakausha, akatia kwenye mafuta. Vipande vilipanda juu polepole, vikawa vyeupe, vikawa vya maziwa, vikawa vya njano. Akavitoa. Vilikuwa vimeiva mpaka ndani.

"Mama, transfoma moja!" alipaza sauti mwanafunzi mmoja, kwa mazoea.

Akapewa. Akatafuna. Akarudi kwenye foleni, safari hii akiwa na mama yake, baba yake na mdogo wake.

Mzee Hilari alimleta mgeni mmoja wa wilaya mpaka bandani. "Huyu ndiye mkaanga wetu," alisema. "Mwaka ujao pia yupo. Viazi vyake havilazwi kwenye baridi. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, nafikiri unalijua hilo."

Mgeni hakulijua. Hilari akamweleza, kwa kirefu, kama mtu aliyeligundua mwenyewe. Luciana alimwacha aeleze. Alikuwa amesikia neno moja tu, nalo lilikuwa "mwaka ujao".

Jioni watu walipopungua, Mwanasha alipita na beseni lake kichwani.

"Mdogo wangu, umeniachia nafasi tupu kwenye sanduku. Sasa niweke nini?"

"Samaki, dada."

Mwanasha aliwaza kidogo. "Hilo nalo ni wazo," alisema, akaenda zake.

Ndani ya kabati la kioo ilibaki konzi moja ya chipsi. Luciana alizitia kwenye sahani, akanyunyiza chumvi, akaketi kwenye benchi. Lilikuwa na miguu minne. Anselim alikuwa ameutia wa nne asubuhi ile, kimyakimya. Luciana akachukua chipsi moja, akaivunja, akatazama ndani. Kisha akaila, na nyingine, na nyingine, mpaka sahani ikaisha.